Pumzi ya yoga, presha na kukesha saa tisa usiku: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 47. Mwaka jana niligundulika nina presha, sasa natumia amlodipine miligramu 5 kila siku. Karibu kila usiku nashtuka saa tisa, moyo unakwenda mbio, mawazo ya shule na ada za watoto yananijia mpaka adhana ya alfajiri. Binti yangu akanionyesha video za yoga za kupumua. Nilijaribu ile ya kupuliza pumzi kwa kasi huku tumbo likiingia na kutoka. Baada ya dakika mbili nikashikwa na kizunguzungu, vidole vikafa ganzi, nikaogopa. Mwenzangu wa ofisini kaacha dawa kabisa, anapumua tu, na leo siku ya nne mashine inamwonyesha namba nzuri. Mama mkwe naye anasema yoga ni ibada ya Kihindu, nisiiguse. Je, kupumua na kutafakari kunasaidia kweli? Naweza kuacha dawa? Na nitakuwa nimeingia kwenye ibada ya watu?

Jibu: Mwalimu, pole kwa kukesha. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: usiache dawa, na kesho ukimkuta mwenzako ofisini mwambie naye arudi kliniki wiki hii hii. Namba anazoziona ni za kweli, ila anayezileta siye anayemdhania. Amlodipine hutoka mwilini polepole sana. Huchukua saa 30 hadi 50 kiasi chake kwenye damu kupungua nusu, kisha muda kama huo tena ile nusu iliyobaki nayo ipungue nusu. Kwa hiyo mtu akiiacha Jumatatu, Alhamisi bado ana akiba inayomlinda. Na kwa kuwa siku hizo hizo ndipo alipoanza kupumua, sifa zote anazipa pumzi. Akiba ikiisha, presha inapanda tena, na haipigi hodi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nusu ya siku nafundisha watu kupumua, nusu nyingine nawafundisha waliopata kiharusi kutembea upya. Wengi wa hao wa pili waliniambia kwamba walipoacha dawa walikuwa wanajisikia vizuri kabisa. Ndiyo maana hili nalisema kwa uchungu.

Sasa tuje kwenye pumzi. Inasaidia, na nitakuonyesha inasaidia kiasi gani. Lakini wewe ulianzia pasipo pako.

Zoezi la kwenye video ile huitwa kapalabhati. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, alichokiandika Svatmarama huko India mnamo karne ya 15, hakilihesabu hata kuwa pranayama, yaani mazoezi yenyewe ya pumzi. Kinaliweka kwenye njia sita za kusafisha mwili, pamoja na kusafisha pua kwa uzi na kusafisha tumbo. Na kitabu hicho hicho kinaonya kwamba pumzi hufugwa kama wanavyofugwa simba, tembo na chui milia, kidogo kidogo, na anayeiharakisha, pumzi hiyo humuua. Walioandika hayo hawakuwa na mashine ya presha, lakini walikuwa wamewaona wanafunzi wenye pupa. Leo sisi tunasema kwa lugha ya kliniki: mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye kifafa, mwenye ngiri au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asifanye kapalabhati, wala bhastrika ambayo ni ndugu yake, wala kubana pumzi kwa muda mrefu. Video haikuuliza kama una presha. Mwalimu wa yoga anayejua kazi yake angekuuliza kabla hujakaa kwenye mkeka.

Kile kizunguzungu nacho kina maelezo yake. Watu wengi hudhani kilitokana na kukosa hewa. Kumbe ukipumua kwa kasi unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Kiwango chake kwenye damu kikishuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana, na kichwa kinakuwa chepesi. Damu nayo inabadilika kidogo, kalsiamu iliyo huru inapungua, na ndipo vidole na midomo huchonyota na kufa ganzi. Ukirudi kupumua kawaida hali hiyo inaisha yenyewe. Hukuumia. Lakini mtu ambaye tayari anashtuka usiku moyo ukienda mbio hahitaji zoezi linalomrudisha kwenye hali ile ile mchana kweupe.

Kinachokufaa wewe ni upole wa pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukishusha idadi hiyo hadi mara sita hivi, mambo mawili hutokea mwilini. La kwanza, moyo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, usikilize mapigo: unapovuta pumzi yanaongeza mwendo kidogo, unapoitoa yanapunguza. Breki hiyo hukanyagwa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kwenye moyo na tumbo. Ukirefusha kutoa pumzi, unairefushia breki kazi yake. La pili, kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na ule unaotoka kwenye moyo kuna vipokezi vinavyopima mkandamizo wa damu na kuuambia ubongo upunguze au uongeze. Kwa mwenye presha, mara nyingi vipokezi hivyo vimekuwa vivivu. Pumzi ya mara sita kwa dakika inaendana na mwendo wao wa asili na kuvichangamsha.

Hapa naomba nikusimulie utafiti mmoja ninaoupenda, maana unamhusu na mama mkwe. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha matokeo yao kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Waliwachukua watu 23 wenye afya, wakawapima moyo na pumzi huku wakisoma rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri maneno ya yoga, om mani padme om. Rozari ikisomwa kwa Kilatini, nusu ya Salamu Maria husemwa na anayeongoza na nusu na wanaoitikia, na mzunguko wote huchukua kama sekunde kumi. Maneno ya yoga nayo yalichukua muda karibu huo huo. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na vipokezi vile vya presha vikachangamka. Hakuna aliyewaambia watu wale wapumue taratibu. Sala ndiyo iliyowapangia pumzi.

Basi, Mwalimu, fanya hivi. Kaa kwenye kiti, miguu yote miwili sakafuni, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Ukipenda mkeka, egemea ukuta. Legeza kanga au mkanda, usijibane tumbo. Sisi wanawake tumefundishwa tangu usichana kuvuta tumbo ndani, na tumbo lililovutwa ndani halikipi kiwambo, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo, nafasi ya kushuka. Weka mkono mmoja juu ya kitovu. Mtazame mtoto mchanga akilala uone tumbo lake linavyopanda na kushuka, kifua kimetulia. Ndivyo sote tulivyozaliwa tukipumua. Funga mdomo, vuta hewa kwa pua ukihesabu moyoni moja hadi nne, mkono uinuke. Itoe kwa pua ukihesabu moja hadi sita, mkono ushuke. Usibane pumzi katikati. Hiyo ni sekunde kumi, na kwa dakika utapata pumzi sita.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya wiki ya kwanza ni kuvuta hewa nyingi. Akisikia "pumua taratibu" anajaza kifua mpaka mabega yanapanda, na ndani ya dakika tatu kizunguzungu kile kile kimerudi, maana anapumua polepole lakini kwa wingi. Hewa iwe ndogo, laini, kiasi kwamba aliyekaa karibu nawe asiisikie. Ukihisi unahema kutafuta hewa, usishindane nayo. Rudi kwenye tatu za kuvuta na nne za kutoa, ukae hapo hata wiki mbili. Anza na dakika tano asubuhi na tano jioni, kisha uongeze hadi kumi kumi.

Mtu asiyependa kuhesabu namfundisha bhramari, jina linalotokana na nyuki kwa Kisanskriti. Unavuta pumzi kwa pua, kisha unaitoa mdomo ukiwa umefungwa huku ukivuma mmmm mpaka iishe. Watafiti wa Sweden, Weitzberg na Lundberg, walionyesha mwaka 2002 kwamba kuvuma hivyo huongeza hewa ya naitriki oksaidi inayotoka puani mara 15 ukilinganisha na kutoa pumzi kimya. Utawasikia watu mitandaoni wakiifanya habari hiyo kuwa tiba ya presha, kwa kuwa naitriki oksaidi hulegeza mishipa. Huko ni kuruka hatua; kilichopimwa ni hewa ya puani. Mimi bhramari naipendea jambo jingine: mtu anayevuma hawezi kutoa pumzi kwa haraka. Sauti inamshika mkono. Na ukiwa umetoka kwenye darasa la watoto sabini, masikio yako nayo yanapata mapumziko.

Kiasi gani, sasa? Kwa wenye presha wanaofanya kwa bidii kila siku kwa wiki kadhaa, namba ya juu ya presha hushuka kwa pointi chache. Mwaka 2013 Shirika la Moyo la Marekani lilipopitia njia zisizo za dawa, liliona kupumua taratibu kwa kuongozwa na kifaa kunafaa kutumika pamoja na matibabu ya kawaida. Pamoja, si badala. Pointi chache si kitu cha kudharau kwa mtu aliyekwama kwenye 142, lakini haziwezi kumrudisha chini mtu wa 170.

Ili ujue pumzi inakufanyia kazi gani wewe binafsi, pima vizuri. Watu wengi hupima mara tu baada ya zoezi, wanaona namba imeshuka, wanafurahi. Namba hiyo ni ya dakika ile, na nusu saa baadaye imeondoka. Pima asubuhi kabla ya dawa, kabla ya chai na kabla ya zoezi, ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, uandike zote mbili kwenye daftari pamoja na tarehe. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ni ya kuaminika kuliko ya kifundo.

Turudi kwenye saa tisa usiku, kwa maana naona ndiko kunakokuumiza zaidi. Kwanza nina maswali ya kwako wewe na ya mzee wa nyumbani. Je, unakoroma? Amewahi kukusikia pumzi ikikatika kisha unashtuka kama uliyekabwa? Kama ndiyo, huo unaweza kuwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Unapandisha presha na hautibiwi kwa yoga, mwambie daktari. Je, unashtuka umelowa jasho, mwili umewaka, na hedhi imeanza kuyumba? Kwa umri wako hilo ni la kawaida na lina msaada wake. Moyo kwenda mbio nako kunaweza kuletwa na upungufu wa damu au tezi ya shingo, na vyote viwili hujulikana kwa kipimo cha damu. Ombeni vipimo hivyo kabla ya kuyalaumu mawazo peke yake.

Kama vyote viko sawa, ukishtuka usichukue simu kuangalia saa. Lala chali au ubavu, vuta pumzi kwa pua, kabla hujaitoa ongeza kipande kidogo cha hewa juu yake, kisha ishushe yote kwa mdomo polepole mpaka iishe. Rudia kwa dakika tano. Kiswahili kilijua jambo hili siku nyingi: mtu aliyepokea habari kwamba mgonjwa wake ametoka salama "alishusha pumzi". Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la dakika tano kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja. Walilinganisha aina tatu za kupumua na kutafakari, na hiyo ya kushusha pumzi ndiyo iliyoongeza hisia njema kuliko nyingine. Ukiifanya usiku usijiulize kila mara kama usingizi umeshakuja. Kazi yako ni kushusha pumzi tu. Usingizi ukija, uje.

Kutafakari ndiko kunakowasumbua Waswahili wengi, na nadhani neno lenyewe limechangia. Ukimwambia mtu atafakari, anatafuta jambo la kufikiria. Nawe unasema "nina mawazo" ukimaanisha una mzigo. Sasa mtu mwenye mawazo akikaa kuyafikiria, si atazama zaidi? Kinachotakiwa kinakaribiana na kile wazee wa pwani walichokiita kuhudhurisha moyo, yaani mwili upo hapa na moyo nao uwepo hapa. Ukimaliza dakika zako za pumzi, acha kuhesabu, kaa dakika tano ukiisikiliza hewa inavyopita puani. Moyo utakimbilia madaftari ya kusahihisha. Ukigundua umekimbia, urudishe puani bila kujigombeza. Utakimbia tena, urudishe tena. Watu huniambia "mimi siwezi, akili yangu haitulii", nami huwaambia kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Aliyeondoka mara thelathini na kurudi mara thelathini amefanya mazoezi thelathini.

Uthibitisho wake upo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515, wakakuta kutafakari kunapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi cha wastani au kidogo. Mwaka 2022 likatoka jaribio la watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi huko Marekani: kundi moja lilipewa dawa ya escitalopram, jingine likafundishwa mpango wa kutafakari wa wiki nane alioubuni Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana. Lakini soma vizuri walichofanya. Walikwenda darasani kila wiki kwa saa mbili na nusu, wakafanya mazoezi nyumbani dakika 45 kila siku, na walikuwa na mwalimu mbele yao. Dakika tatu za video kwenye daladala hazitoi matokeo hayo, na atakayekuambia zinatoa anakuuzia kitu.

Na kuna ambao ukimya huwaumiza. Aliyepitia kipigo, kubakwa au ajali mbaya anaweza kufumba macho akakutana na tukio lile lile. Aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au aliye na sonona nzito, asianze peke yake. Ukiona hofu inapanda badala ya kushuka, fumbua macho, simama, tembea, gusa ukuta, osha uso, na siku hiyo uache. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo, umwambie na mtu wa nyumbani.

Kuhusu mama mkwe, usimjibu kwamba amekosea, kwa sababu hajakosea. Yoga ilizaliwa ndani ya dini na falsafa za India. Katika mafunzo ya Patanjali, mwandishi wa kale wa yoga huko India, pranayama ni hatua ya nne kati ya nane, na ya nane inahusu ukombozi wa roho, haitaji presha popote. Waislamu wenzako wamelitazama suala hili kwa macho tofauti: Baraza la Fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga inayochanganya mazoezi na maneno ya ibada, na Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua kama mchezo. Mimi si sheikh, siwezi kukutolea hukumu. Ninachokijua ni cha mwili: mapafu na neva ya vagasi havitambui jina la zoezi. Hata Swami Kuvalayananda, aliyefungua kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla mwaka 1924, alianza kuyapima mazoezi haya kwa vyombo vya kisayansi ili yajulikane yanaufanyia nini mwili. Unaweza kuacha majina ya Kisanskriti, maneno ya kukariri na salamu za jua, ukabaki na nne za kuvuta na sita za kutoa. Unaweza pia kuchukua tasbihi yako baada ya alfajiri na kuleta nyiradi polepole, kila tamko ukilitoa na pumzi ndefu. Mwombe mama mkwe akae nawe. Huenda amekuwa akifanya hivyo miaka arobaini bila kuhesabu sekunde.

Anza leo jioni, baada ya magharibi, dakika tano tu. Fanya kwa wiki nane bila kubadilisha dawa, chumvi ukiipunguza mezani na jikoni. Ukipata maumivu ya kifua, kuzimia, mdomo kwenda upande au mkono kuishiwa nguvu, hakuna zoezi hapo, ni hospitali mara moja. Zikitimia wiki nane, beba daftari lako uende nalo kliniki, umwoneshe daktari namba za asubuhi tangu ya kwanza. Kama zimekaa chini ya 130 juu na 80 chini wiki baada ya wiki, mwulize yeye kuhusu dozi, na lolote atakaloamua endelea kupima na kuandika.